Uzi: Kuonja na kutunza mvinyo mwekundu wa Bordeaux, kwa mfano wa Léoville Barton

Mtunza Chupa (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kwa muda sasa nimekuwa nikiona humu picha za chupa za Bordeaux zilizoletwa na ndugu waliotoka safari, zikiwa zimesimamishwa juu ya kabati la sebuleni mkabala na dirisha, na maelezo yanasema kwamba mwenye nayo anaizeesha hadi siku ya harusi ya mtoto. Nimefanya kazi ya kuhudumia mvinyo hotelini kwa miaka mingi, na picha hizo hunisikitisha kwa sababu najua kitakachomiminwa siku hiyo ya harusi. Wasiotumia kilevi nawaheshimu, na wapite kwa amani. Uzi huu ni wa wale wanaotumia na wasiopenda fedha yao iteketee kabatini.

Hoja yangu ni kwamba kuonja na kutunza ni kazi moja, ingawa watu wengi huzitenganisha. Asiyeweza kuonja mvinyo mchanga na kuutambua ulivyo hawezi kujua chupa ipi inastahili kuwekwa, na aliyeweka chupa zake bila kuonja hata moja njiani hana namna ya kujua ni lini azifungue. Anayejua kuonja tu atakunywa vitu vizuri kabla ya wakati wake, na anayejua kuweka tu atakuja kufungua siki.

Nitatumia mfano mmoja ili tusitawanyike, nao ni Château Léoville Barton wa Saint-Julien. Saint-Julien ni kijiji cha Médoc, kaskazini ya mji wa Bordeaux, kwenye ukingo wa kushoto wa Gironde, ambao ni mlango mpana wa maji unaopeleka mito miwili baharini. Zamani Léoville lilikuwa shamba moja kubwa. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa likagawanyika na kuzaa mashamba matatu ambayo mpaka leo yanashindana kwa heshima, yaani Las Cases, Poyferré na Barton. Hugh Barton, mtu wa ukoo wa wafanyabiashara kutoka Ireland, alinunua shamba jirani la Langoa mwaka 1821, kisha akanunua kipande chake cha Léoville mwaka 1826, na ukoo huo haujauza mpaka sasa. Jambo lililowashangaza wageni kwa vizazi vingi ni kwamba Léoville Barton halikuwa na jumba lake wala jengo lake la kutengenezea mvinyo. Zabibu zake zilikuwa zikisindikwa Langoa, ng'ambo tu ya shamba.

Mwaka 1855, kwa ajili ya Maonesho ya Dunia ya Paris yaliyofanyika chini ya Napoleon III, madalali wa Bordeaux walipanga mashamba ya Médoc katika madaraja matano kwa kufuata bei ambazo mvinyo wake ulikuwa umeuzwa kwa miaka mingi. Barton liliwekwa daraja la pili. Orodha hiyo imeguswa mara chache mno. Badiliko linalojulikana zaidi ni la mwaka 1973, Mouton Rothschild lilipopandishwa kutoka daraja la pili hadi la kwanza. Msikariri madaraja kama msahafu, kwani lipo daraja la tano linalouzwa ghali kuliko la pili. Nimechagua Barton kwa sababu mvinyo wake umetengenezwa kwa ajili ya kukaa, na kwa sababu bei yake, kwa hadhi iliyo nayo, imekuwa ya kiungwana kwa miongo mingi. Marehemu Anthony Barton, aliyeliongoza shamba hilo kuanzia mwaka 1983, alisifika Bordeaux nzima kwa kukataa kupandisha bei kila wenzake walipolewa sifa.

Sasa, kwa nini mvinyo huu unakaa? Zabibu inayotawala ni Cabernet Sauvignon, ambayo punje zake ni ndogo, ganda lake ni nene, na mbegu zake ni kubwa ukilinganisha na nyama yake. Rangi na tanini, yaani kile kinacholeta ukakasi mdomoni, hutoka kwenye ganda na mbegu, kwa hiyo juisi inapochachuka pamoja na maganda hayo hujibebea mzigo mkubwa wa vyote viwili. Merlot, aina nyingine ya zabibu, huongezwa kwa kiasi kidogo ili kuleta unene na ulaini, na Cabernet Franc kidogo zaidi kwa ajili ya harufu. Baada ya kuchachuka, mvinyo huwekwa katika mapipa ya mwaloni ya lita 225 kwa takriban miezi 18, mengine mapya na mengine yaliyokwisha tumika, kisha hutiwa katika chupa. Hapo ndipo mnunuzi hudhani kazi imekwisha, kumbe kwa mvinyo wa aina hii bado ni nusu.

Nieleze kuonja. Mvinyo mchanga wa Barton, tuseme wa miaka mitatu au minne, haufurahishi sana mdomoni, na hapo ndipo wengi huamua kwamba wametapeliwa. Rangi ni ya zambarau nzito mpaka ukingoni mwa glasi. Puani unapata tunda jeusi, ambalo Wafaransa hulifananisha na cassis, tunda dogo lisiloota kwetu. Mtu wa Pwani atalikaribia akikumbuka zambarau zilizoiva mpaka zikaanza kupasuka. Nyuma yake kuna karafuu na vanila. Hizo si hadithi za wauza mvinyo. Mwaloni unapochomwa moto ndani ya pipa hutoa yujenoli, ambayo ndiyo kemikali inayoipa karafuu ya Pemba harufu yake, na hutoa vanilini vilevile. Mzanzibari aliyekulia kwenye majamvi ya karafuu atalitambua pipa jipya kabla ya Mfaransa yeyote, ilimradi ajiamini.

Mdomoni kuna mambo matatu ya kuyatenganisha. La kwanza ni ukakasi, ambao ndio tanini. Hauonjwi kwa ulimi peke yake bali hukausha fizi na mashavu kwa ndani, kama bibo lisiloiva vizuri. La pili ni uchachu, unaofanya mate yatoke pembeni mwa ulimi. La tatu ni tunda lenyewe, yaani ule unene unaokaa katikati ya mdomo. Mvinyo wa kuweka ni ule ambao vitu hivyo vitatu vyote ni vingi na hakuna kinachomzidi mwenzake sana. Ukali peke yake si dalili ya maisha marefu. Mvinyo wenye ukakasi mwingi na tunda dogo hauwi laini kwa kuwekwa, kwa sababu tunda nalo hupungua kadiri miaka inavyokwenda, na mwisho wake unabakia na mifupa mitupu.

Kipimo ninachokitegemea kuliko vyote ni baada ya kumeza au kutema. Ngoja kimya na usikilize ni kitu gani kinachoondoka mwisho. Ikiwa ukakasi umebaki peke yake na tunda limekwisha ondoka, kunywa mapema au usinunue tena. Ikiwa tunda linaendelea kusikika juu ya ukakasi huo, tena kwa muda mrefu, hiyo ni chupa ya kulaza, yaani ya kuiweka miaka ikiwa imelala ubavu.

Niweke mfano wa upande wa pili. Barton la mwaka 2000, mwaka ambao Bordeaux ilipata mavuno makubwa kwa sifa, lilipokuwa changa lilikuwa gumu kama mlango uliofungwa kwa ndani, na wapo waliolinunua wakalilaumu. Nililipata likiwa limepita miaka 20, likiwa limetunzwa Ufaransa katika ghala la chini ya ardhi. Tulipoinamisha glasi juu ya kitambaa cheupe, ukingo ulikuwa na rangi ya tofali, na katikati bado pana wekundu mzito. Ile zambarau mbichi ilikuwa imerudi nyuma, mbele yake yakaja majani makavu ya tumbaku, vumbi la penseli iliyochongwa, na kitu kama ngozi ya kiti cha zamani. Ukakasi ulikuwepo, ila ulikuwa laini kiasi kwamba ungeweza kumsahaulisha mtu kuwa upo. Chini ya chupa palikuwa na mashapo meusi yaliyoganda upande mmoja, ule uliokuwa umelala chini miaka yote, na hiyo ndiyo tanini pamoja na rangi iliyoungana, ikawa nzito, ikazama.

Ya kutunza nitayaeleza mkiuliza, kwa sababu hutegemea mtu anaishi wapi.

Bandarini

Mkuu, shukrani kwa uzi wenye mashiko. Mimi niko Mombasa, na nyumba yangu haina sehemu ya chini ya ardhi wala sitarajii kuichimba. Nina chupa mbili za shamba hilo hilo ulilolitaja, ya 2014 na ya 2016, nilizoletewa na shemeji yangu aliyeko Ufaransa. Kwa sasa ziko chumbani ambako usiku nawasha kiyoyozi. Je, nizihamishie kwenye friji ya jikoni?

Mtunza Chupa

Ndugu Bandarini, nakujibu kwa urefu kidogo kwa sababu swali lako ni la watu wengi wa Pwani.

Miaka peke yake haizeeshi mvinyo. Kinachouzeesha ni mabadiliko ya kikemia ndani ya chupa, na mabadiliko hayo huenda mbio kadiri joto linavyopanda. Kanuni ya jumla ya wanakemia ni kwamba ongezeko la nyuzi 10 huongeza kasi ya mmenyuko mara mbili hivi. Mtu anaweza kufurahi akidhani kwamba basi Mombasa atapata kwa miaka mitano kile ambacho Bordeaux hukipata kwa ishirini. Haiwi hivyo, kwa kuwa mimenyuko haiongezeki kasi kwa kiwango kimoja; ile inayoharibu harufu ya tunda hupita mbele ya ile inayolainisha tanini. Unachopata ni mvinyo uliopikwa, wenye harufu ya jamu iliyoshika chungu, huku ukakasi wake ukiwa bado mbichi.

Ghala la Ufaransa lenye sifa hukaa kwenye nyuzi 12 hadi 14 kiangazi na kipupwe, lina unyevunyevu wa karibu asilimia 70, lina giza, na halitikisiki. Katika hayo yote, joto ndilo kubwa, na utulivu wa joto hauko mbali nyuma yake. Chumba chako kinachoshuka hadi nyuzi 24 usiku na kupanda hadi 31 mchana ukiwa kazini ni kibaya kuliko unavyodhani. Joto likipanda, kimiminika hutanuka na kusukuma kizibo. Likishuka, kinasinyaa na kuvuta hewa ndani. Kila siku chupa inapumua hivyo, na oksijeni inayoingia haina huruma.

Niliwahi kufanya kazi katika hoteli moja ya Pwani, ambayo sitaitaja, iliyokuwa ikihifadhi katoni za Bordeaux katika stoo iliyopakana na tanuri la mikate. Nilipoanza kuzikagua nilipitisha kidole juu ya vifuniko vya madini, nikakuta vingine vimeinuka katikati kwa sababu kizibo kilichomo ndani kimepanda, na vingine vinanata kwa mvinyo uliokuwa umechuruzika na kukauka pembeni ya shingo. Kimo cha mvinyo kilikuwa kimeteremka kutoka shingoni hadi begani. Menejimenti ilitaka tuendelee kuziuza kwa bei ya kwenye menyu, na wageni waliozirudisha wakaitwa wakorofi. Nasimulia hili ili ujue dalili tatu ambazo unaweza kuzikagua bila kufungua chupa: kizibo kilichoinuka, utelezi au ukavu unaonata shingoni, na kimo kilichoshuka kupita umri wake. Chupa ya miaka 10 ikiwa imeshuka hadi katikati ya bega, usiinunue, hata kwa nusu bei.

Friji ya jikoni ni bora kuliko chumba cha joto, lakini ni kwa miezi tu. Ni baridi kupita kiasi, hivyo mvinyo hulala usingizi mzito badala ya kukomaa. Hewa yake ni kavu, ambayo baada ya muda hukausha kizibo. Na mota yake inatetema. Zilaze humo kwa sasa, chini kabisa, mbali na mlango, ukizifunga gazeti ili zisipigwe na taa.

Ukitaka kutunza kwa miaka, nunua kabati la mvinyo lenye kompresa. Nasisitiza kompresa kwa sababu makabati madogo ya bei nafuu yanayotumia umeme bila kompresa huteremsha joto kwa kiasi fulani tu chini ya lile la chumba. Yametengenezwa kwa ajili ya nyumba za Ulaya, na katika chumba chenye nyuzi 32 huhema mchana kutwa bila kufika 14. Kabati lijaze, hata kwa chupa za bei ya kawaida, kwa kuwa umeme ukikatika, chupa nyingi baridi hushikilia ubaridi wao kwa saa nyingi kuliko chupa mbili. Wakazi wa Nairobi wana nafuu, kwani chumba kisicho na jua katika mwinuko ule kinaweza kukaa katika nyuzi 18 hadi 20 karibu mwaka mzima, jambo linalovumilika kwa miaka michache, ingawa si kwa ishirini.

Njia nyingine ni kutoleta chupa kabisa. Wauzaji wengi wa Bordeaux na London hukubali kuzitunza katika maghala yao kwa ada ya mwaka, nawe ukazichukua zikiwa tayari. Kama hakuna kabati wala shemeji wa kusimamia jambo hilo, basi nunua chupa iliyokwisha komaa huko huko ilikotunzwa, uje uinywe ndani ya mwezi. Utalipa zaidi, lakini utakuwa umemlipa mtu aliyefanya kazi ambayo hali yetu ya hewa hairuhusu tuifanye bure. Na mzigo ukija kwa meli, uwe ndani ya kontena lenye ubaridi. Kontena la kawaida likipita Bahari ya Shamu huko sitaha za juu, hakuna kabati litakalorekebisha kilichotokea humo.

Mzabibu wa Hombolo

Naomba kuchangia kama mkulima. Sisi huku Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, na tunaambiwa kwamba mvinyo wetu hauwekwi. Je, tofauti ni zabibu, ni udongo, au ni majina tu? Nimesoma kwamba mashamba hayo ya Médoc ni ya kokoto tupu, na mimi ardhi ya kokoto ningeikimbia.

Mtunza Chupa

Swali la mkulima hasa. Kokoto za Médoc ni mabaki yaliyoletwa na mito zamani sana, na faida yake kubwa ni kupitisha maji. Bordeaux iko karibu na bahari na hunyesha mara kwa mara, hata wakati wa mavuno. Mahali ambapo maji yanatuama, punje za zabibu hunywa na kuvimba, na juisi inakuwa nyepesi. Palipo na kokoto maji hukimbia, mizizi inalazimika kushuka, na punje hubaki ndogo. Kokoto hizo pia hushika joto la mchana, na Cabernet Sauvignon, ambayo huchelewa kuiva, inahitaji kila msaada. Pale udongo ulipo wa mfinyanzi wenye kushika maji na ubaridi ndipo wanapopanda Merlot, inayowahi kuiva.

Halafu kuna kulala. Mzabibu wa Ufaransa hupukutika majani na kulala kipupwe chote, huamka mwezi wa tatu au wa nne, na zabibu huvunwa Septemba au Oktoba, wakati usiku umeanza kuwa wa baridi. Kuiva polepole kwa namna hiyo hubakisha uchachu huku tanini ikikomaa. Huko kwenu mzabibu haulali kwa baridi. Ninyi wenyewe mnauamsha kwa mkasi wa kupogolea. Hapo ndipo penye tofauti kubwa, na si kwamba jina la Kifaransa lina uganga.

Nisingependa, hata hivyo, mtu achukulie kwamba mvinyo usiowekwa ni mvinyo duni. Sehemu kubwa ya mvinyo wa dunia hii hutengenezwa ili unywewe ndani ya miaka michache, na Bordeaux yenyewe, ambayo ina makumi ya maelfu ya hekta za mizabibu, hutoa mvinyo wa namna hiyo kwa wingi. Mashamba ya daraja la 1855 ni kipande kidogo cha eneo hilo. Chupa ya Bordeaux ya kawaida ya supamaketi, hata ukiilaza katika ghala la mfalme, itachoka tu.

Mkazi wa Brussels

Nawasalimu wote. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Ubelgiji na nakunywa Bordeaux mara kwa mara, ila naomba nitofautiane na mwanzisha uzi kuhusu hizo penseli na ngozi za viti. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Bordeaux kwenyewe, ambapo waonjaji 54 walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Kama wanafunzi wa taaluma hiyo walidanganywa na rangi, sisi tunanusa nini zaidi ya lebo?

Mtunza Chupa

Ndugu wa Brussels, jaribio hilo la Morrot, Brochet na Dubourdieu ni la kweli na nalipenda. Kwa maoni yangu lilithibitisha kwamba jicho huiongoza pua, na pua hufuata bila kuuliza. Lilihusu maelezo ya harufu. Ukakasi ni jambo la mguso, na fizi zilizokauka hazihitaji kuona lebo, ndiyo maana katika kuamua kama chupa iwekwe au ifunguliwe mimi huanza na mdomo na kuacha orodha ya matunda iwe pambo.

Hata hivyo umenigusa mahali pa kweli, kwani bei na jina huonja kabla yetu. Dawa yake ni rahisi. Viringisha chupa katika gazeti, weka mbili au tatu kwa pamoja, moja ikiwa ya bei ndogo, na kila mmoja aandike kwa kalamu bila kusema lolote mpaka wote wamalize. Asiruhusiwe mtu mwenye sauti nzito kuanza. Nimeona mezani mtu mzima akisema "nanusa mwerezi," na watu sita ambao hawajawahi kuuona mwerezi wakatikisa vichwa. Ukishafanya hivyo mara kadhaa utajua ni maneno gani yako kweli na ni yapi uliyoyaazima.

Kuna harufu moja tu ambayo nawasihi mjifunze kwa dhati, kwa sababu ina fedha ndani yake, nayo ni ya kizibo kilichooza. Husababishwa na kemikali iitwayo trikloroanisoli, ambayo huzaliwa kizibo kinapokutana na kuvu na klorini, na pua huinasa hata ikiwa ni nanogramu chache katika lita. Inafanana na gunia lililolowa likafungiwa stoo, au boksi la katoni lililonyeshewa. Haiondoki kwa kuupumzisha mvinyo, bali huzidi. Ikiwa ni hotelini, rudisha chupa bila aibu. Ikiwa umenunua dukani, rudisha na kilichobaki ndani.

Bandarini

Mkuu, nimezihamishia kwenye friji kama ulivyoelekeza, na kabati la kompresa nimeanza kuliulizia bei. Sasa nisaidie: kati ya 2014 na 2016 nianze na ipi, na nifunguaje bila kuiharibu? Nategemea kuwa na wageni mwisho wa mwezi, na chakula kitakuwa mbuzi wa kuchoma.

Mtunza Chupa

Anza na 2014. Mwaka ule kiangazi kilisuasua, ukaja Septemba wenye jua la kutosha ulioliokoa Médoc, na mvinyo wake ukatoka wenye uchachu mzuri na tanini isiyo nzito sana. Tayari unanyweka. Ule wa 2016 ni wa tabaka jingine. Mvua nyingi za mwanzo wa mwaka ziliipa mizizi akiba, kisha ukame wa kiangazi ukazifanya punje ziwe ndogo na nene, na usiku wa baridi wa Septemba ukabakisha uchachu. Kwa nafasi ya kuchagua ningeulaza mpaka karibu mwaka 2030, tena baada ya hapo ningeuonja bila haraka. Kwa kuwa unayo chupa moja tu, hutaweza kuonja njiani, na hiyo ndiyo sababu nawashauri watu wanunue angalau chupa tatu za mwaka mmoja kuliko chupa moja moja za miaka mitatu.

Siku moja kabla ya wageni, isimamishe ile ya 2014 ndani ya friji ili mashapo, kama yapo, yateremke chini. Siku yenyewe itoe saa tatu hivi kabla ya chakula. Kata kifuniko cha madini chini ya mdomo wa chupa, pangusa juu ya kizibo kwa kitambaa chenye maji kidogo, kisha ingiza kizibuo katikati na uvute bila kunyonga. Mimina kiasi kidogo kwanza, unuse kama kuna gunia lililolowa. Ikiwa ni salama, washa tochi ya simu nyuma ya shingo ya chupa na umimine yote polepole ndani ya jagi safi la kioo bila kusita, maana kila unapoinua na kuinamisha unayakoroga mashapo. Ukiona uzi mweusi unaingia shingoni, acha hapo. Kilichobaki ni kijiko kimoja au viwili, na mpishi atakifurahia kwenye rosti.

Mvinyo upumzike katika jagi kwa saa moja na nusu au mbili. Chupa ya miaka 30 nisingeipumzisha hivyo, kwa sababu harufu zake ni chache na hutoroka upesi, ila 2014 bado ina nguvu. Halijoto ya kunywea ni nyuzi 16 hadi 18. Msemo wa kwamba mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba ulitoka katika vyumba vya mawe vya Ulaya, na chumba cha Mombasa chenye nyuzi 30 hufanya kilevi kipande puani na kufunika vingine vyote, kwa hiyo rudisha jagi kwenye friji dakika 20 kabla ya kumimina. Glasi zako zijazwe theluthi tu, na zishikwe kwenye mguu ili kiganja kisizipashe.

Mbuzi wa kuchoma ni chaguo zuri. Huko Médoc kwenyewe chakula chao cha heshima ni mwanakondoo wa Pauillac, kijiji jirani cha Saint-Julien, na sababu ni kwamba protini na mafuta ya nyama hushikana na tanini kabla haijafika kwenye fizi, hivyo ukakasi unapungua na tunda linajitokeza. Chumvi kwa kiasi, limau kidogo, na pilipili iwekwe pembeni kwa anayeitaka, kwani muwasho wa pilipili huchochea ukali wa kilevi na kuufanya mvinyo uonekane mbaya kuliko ulivyo. Kachumbari yenye siki nayo isubiri glasi ziwe tupu.

Ikibaki, irudishe ndani ya chupa, ziba na uweke friji. Ya kesho yake mara nyingine huwa nzuri kuliko ya jana, ya keshokutwa sikuhakikishii. Kuhusu ile ya 2016, usiihamishe friji ya jikoni kuipeleka popote mpaka kabati lifike. Na kama mpaka mwisho wa mwaka kabati halijafika, ifungue nayo, ukiipumzisha jagini kwa saa nne au tano badala ya mbili. Itakuwa changa na ngumu, lakini itakuwa hai.